Wazee wanapewa debe la mahindi kila mwezi, mbona bado wanakonda?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama 14 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Tangu mwaka jana tunachanga na kuwapa wazee 16 wasiojiweza debe moja la mahindi na kilo moja ya sukari kila mwezi. Watano wanaishi peke yao, saba wanalea wajukuu, wanne wako na watoto wao wakubwa. Baadhi wako TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), wengine hawamo. Pamoja na hayo wengi wanazidi kukonda, hasa bibi mmoja mwenye wajukuu watatu. Gauni lake la mwaka jana sasa linamzunguka. Tuongeze mahindi? Tuwape fedha mkononi? Au tununue unga wa lishe? Na miezi ya njaa inakaribia.

JIBU: Dada zangu, mahindi mnayotoa si haba. Mlipokosea ni kwenye hesabu: mmehesabu nyumba, hamkuhesabu midomo.

Debe lina kilo kama 17. Mzee anayeishi peke yake, akilisaga dona, ana gramu 560 hivi za unga kwa siku, yaani karibu kalori 2,000. Mzee wa kilo 50 asiyelima tena anahitaji kama 1,700 hadi 1,900. Kwa hiyo hao watano, kwa upande wa nguvu peke yake, mmewatosheleza na chenji imebaki. Sasa rudini kwa bibi yenu. Kilo zilezile 17 kwa watu wanne kwa siku 30 ni gramu 140 kwa kila mmoja: kalori 500, protini gramu 12. Na hapo tunajifanya kuamini kwamba bibi anapakua sawa kwa sawa. Hapakui hivyo. Atawapa watoto kwanza, atakula ukoko, na mkimuuliza atasema ameshiba. Akikoboa mahindi badala ya kusaga dona, hadi robo ya mzigo inaweza kubaki mashineni kama pumba, na pumba hiyo pengine ndiyo inayolipia kusaga.

Jambo la pili ni protini. Mtu wa makamo anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee anahitaji zaidi, gramu 1 hadi 1.2, kwa sababu misuli yake haiitikii chakula kama zamani: anakula kilekile, mwili unajenga kidogo. Kwa mzee wa kilo 50 hiyo ni gramu 50 hadi 60 kwa siku. Protini ya mahindi haina ya kutosha ile sehemu ya kujengea misuli iitwayo laisini, kwa hiyo hata anayekula ugali mwingi anaweza kuendelea kupoteza misuli ya mapaja na mabega. Hapo ndipo mnaona mzee anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Mikunde ndiyo inayoziba pengo hilo. Sukari haizibi chochote: kilo moja ni kalori tu, na kwa mwenye kisukari ni mzigo.

Kabla hamjabadilisha chochote, pimeni. Nunueni futi ya fundi cherehani. Mzee akae, mkono wa kushoto ukunjwe kidogo, mtafute nusu ya njia kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, mtie alama kwa kalamu. Kisha mkono uning'inie wenyewe, mzungushe futi pale penye alama bila kubana ngozi. Chini ya sentimita 21 mzee ana utapiamlo. Chini ya 18.5 ni utapiamlo mkali, na huyo si wa kusubiri mgao wa mwisho wa mwezi. Apelekwe zahanati wiki hiyohiyo. Msitumie ule utepe wenye rangi wa watoto, kwani nyekundu yake ni chini ya sentimita 11.5 na kila mzee ataonekana mzima. Bonyezeni pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde chache: shimo likibaki, kuna maji mwilini, na uzito wa mizani utawadanganya. Andikeni kwenye daftari jina, tarehe, kipimo cha mkono, uzito kama mizani ya zahanati inapatikana. Anayepoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, kilo mbili na nusu kwa mwenye kilo 50, ana tatizo hata kama mkono bado unasoma 22.

Baada ya kupima, acheni kifurushi kimoja kwa wote. Makundi yenu matatu yana shida tatu tofauti.

Kwa watano wanaoishi peke yao, debe zima ni kubwa mno upande wa nafaka na ni tupu upande wa mboga. Mgao wa mwezi unaowafaa ni huu:

– Unga wa uwele, mtama au dona: kilo 9 (gramu 300 kwa siku, kama vikombe viwili vya chai na kidogo)
– Choroko au kunde: kilo 2.5 (chini kidogo ya nusu kikombe kwa siku, zikiwa kavu)
– Karanga zilizosagwa: kilo 1 (vijiko viwili vya mezani)
– Mafuta ya alizeti: robo tatu ya lita (vijiko viwili)
– Dagaa wakavu waliosagwa: gramu 300 (kijiko kimoja)
– Chumvi yenye madini joto: paketi ndogo

Hiyo ni karibu kalori 1,750 na protini gramu 60 kwa siku. Kwenye nafaka mmeokoa kilo 8 kwa kila mmoja, kilo 40 kwa wote watano. Fedha ya mahindi hayo na ya sukari ndiyo inunue vilivyobaki. Ikipelea, shikeni karanga na choroko kwanza, maana karanga zina mafuta na protini kwa pamoja. Dagaa muwapeni wale ambao mkono wao uko chini ya 21.

Nimeandika choroko na kunde, si maharage, makusudi. Maharage makavu yaliyokaa ghalani yanakula kuni saa tatu na maji ndoo nzima. Bibi wa miaka 78 anayenunua maji kwa dumu na kuokota kuni mwenyewe hatayapika. Atayauza au atabadilishana na jirani kwa sabuni, na mtamwona mkorofi kumbe ana hesabu kali kuliko yenu. Choroko zilizolowekwa tangu asubuhi huiva kwa nusu saa hadi dakika 45. Njugu mawe na mbaazi kavu nazo waachieni wenye nguvu za kuchochea moto.

Wanne walio na watoto wao wakubwa hawahitaji debe. Mahindi yakiingia nyumba yenye vijana watatu yanaingia chungu cha wote na mgao wa mzee haubadiliki. Huko pelekeni nyongeza ya mzee tu: karanga zilizosagwa, dagaa, choroko kidogo. Halafu kaeni na mkwe au binti anayepakua, si na mwenye nyumba. Waulizeni mzee anakula saa ngapi na anakula nini jioni. Mara nyingi mtakuta anapewa ugali uleule mgumu, ilhali meno yamebaki manne, kwa hiyo anameza matonge matano na kuacha. Nyumba hiyo ina chakula. Kinachokosekana ni mtu wa kumsongea mzee ugali laini na mlenda wa karanga.

Saba wanaolea wajukuu ndio kazi yenyewe. Msijaribu kumkataza bibi asiwagawie watoto. Hawezi, na wala haifai. Kulisha watu wanne kikamilifu kungehitaji kilo 36 za nafaka kwa mwezi kila nyumba, na mfuko wenu hauna. Kuna njia mbili zinazozaa zaidi kuliko kuongeza mahindi.

Ya kwanza ni shule. Shule nyingi za msingi hutoa uji au makande mchana kwa michango ya wazazi ya mahindi, maharage na fedha kidogo. Bibi asiye na mchango, mjukuu wake anakaa chini ya mti wenzake wakila, kisha anarudi saa tisa na njaa ya siku nzima juu ya chungu cha bibi. Lipieni mchango wa wajukuu hao moja kwa moja kwa kamati ya shule, mpewe risiti. Kila sahani mtoto anayokula shuleni inabaki nyumbani kwenye bakuli la bibi, bila mtu kumwambia bibi awanyime watoto. Ningeanza na hili kabla ya jambo jingine lolote.

Ya pili ni uji wa pamoja siku ambazo shule haipiki, Jumamosi na Jumapili, nyumbani kwa mmoja wenu. Kwa watu 25, wazee saba na watoto wao, unatosha unga kilo 1.75, karanga zilizosagwa nusu kilo na maji lita kumi. Kila mmoja anapata kama kalori 360. Wazee wanaoishi peke yao waje pia. Asiyeweza kutembea, mjukuu ampelekee kwenye chupa ya chai. Mpango wa chakula cha wazee wa Marekani, ulioingizwa mwaka 1972 kwenye sheria yao ya wazee ya 1965, unataka kila mlo ubebe theluthi moja ya mahitaji ya siku, na mleta chakula ndiye anayegundua kwamba mzee fulani hajafungua mlango tangu jana. Hilo la mlango linawahusu na ninyi.

Uji wa mzee una kitendawili. Ukiutia unga wa kutosha unakuwa mzito, hanywi. Ukiupunguzia unga unakuwa maji ya moto yenye rangi. Dawa yake ni kimea, na wanaopika togwa au pombe ya uwele wanaijua kazi hii tayari. Lowekeni uwele usiku kucha, mwageni maji, mfunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue. Anikeni ukauke kabisa, sugueni mizizi na vichipukizi vitoke, pepeteni, sageni. Pikeni uji mzito, uepueni, upoe mpaka kidole kinaweza kugusa na kutoka haraka, ndipo mtie kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe kikubwa, mkoroge. Ndani ya dakika kumi uji unalainika na kuwa wa kunywa, unga ukiwa uleule. Urudisheni jikoni uchemke tena kabla ya kuugawa, kwani kimea kibichi hubeba vijidudu. Mkitia kimea kwenye uji unaochemka hakitafanya kitu. Kinachofanya kazi ndani yake kimeshaungua. Kimea chenye ukungu kitupeni, hata kama ni kidogo. Na msitumie mtama kwa kuchipusha: vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi, na si kila mtu anavisugua vyote.

Tahadhari moja kwa uji mwepesi: mzee aliyepata kiharusi na ambaye hukohoa kila akinywa kitu cha majimaji, huyo abaki na uji mzito, apewe kwa kijiko akiwa amekaa wima. Uji mwepesi kwake unaweza kwenda mapafuni.

Unga wa ubuyu utiwe baada ya kuepua, kijiko kimoja kwa kikombe. Una vitamini C, ambayo moto unaiua. Msiuchanganye na maziwa ya moto, yatakatika. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, kwani inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Saa moja baadaye haina neno. Magadi kwenye mlenda yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini na yanaongeza sodiamu kwa mwenye presha. Mlenda mkavu uliosagwa hauhitaji magadi hata kidogo. Ni mazoea tu. Dagaa waoshwe mara mbili au tatu, kwani wengi huanikwa juu ya mchanga, wakaangwe bila mafuta mpaka wakauke, ndipo wasagwe. Mchanga ukibaki, mzee mwenye meno machache ataukataa mfuko mzima, na ana haki.

Unga wa lishe wa madukani sikatazi, ila angalieni mnachonunua. Mfuko unaojisifu kuwa na nafaka kumi mara nyingi ni mahindi pamoja na chembe za vingine tisa, kwa bei ya mara mbili. Soya au maharage yaliyosagwa mabichi humo ndani yanahitaji kuchemka muda mrefu, na uji wa dakika tano utamsumbua mzee tumbo. Uwele wenu na karanga zenu, mkizisaga kando na kuzichanganya sufuriani, vinafanya kazi ileile.

Lakini karanga na mahindi vina hatari ambayo Dodoma haina haki ya kuisahau. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwenye maeneo ya Chemba, Kondoa na Kiteto. Sumu hii inatokana na ukungu, haionekani, haina harufu, na kupika au kukaanga hakuiondoi. Ndiyo maana karanga za bei ya kutupa, zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye madoa, si msaada kwa mzee ambaye ini lake limeshachoka. Chambueni kwa mikono, punje kwa punje, kabla ya kusaga; msinunue karanga zilizokwisha kusagwa, kwa sababu hapo hamwezi kuona kilichoingia. Mahindi jaribuni kwa chumvi: tieni punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, mtikise dakika chache, mwache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi kwenye turubai. Yakikauka sawasawa, yahifadhiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu iliyofungwa kwa kukazwa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Uwele kwa kawaida hushikwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi, na hii ni sababu nyingine ya kuupa nafasi kubwa katika mgao wa wazee wa huku, ambao isitoshe ndio ugali waliokulia.

Uwele una kasoro yake. Unga wake una mafuta na huanza kuwa mchungu mapema, wakati mwingine ndani ya wiki moja kwenye joto letu. Dona nayo huchacha, ila taratibu zaidi. Kwa hiyo msigawe kilo 9 za unga wa uwele kwa mara moja. Ama mgawe punje pamoja na fedha ya mashine, ama msage wenyewe na kugawa unga kila wiki. Kugawa kidogo kidogo kuna faida nyingine: mzigo mdogo hauuziki kirahisi na mnamwona mzee mara nyingi zaidi.

Kuhusu fedha mkononi, jibu linategemea mwezi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ghala huwa tupu kabisa kati ya Desemba na Machi, wakati bei ya debe iko juu. Shilingi iliyotosha Julai haitoshi Februari, na mzee asiyefika mnadani atamtuma mtu ambaye naye atakata chake. Miezi hiyo toeni chakula. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, fedha kidogo inamsaidia zaidi: anunue yai, maziwa mgando, sabuni, alipie mashine. Na mgao usiwe sawa miezi yote 12. Changeni kila mwezi kama kawaida, ila mnunue nafaka na karanga nyingi Juni na Julai, mgawe kidogo mpaka Novemba, mfungulie mifuko kuanzia Desemba. Kwa mwaka huu ambao mmechelewa kununua, muulizeni mtendaji wa kijiji kama kuna mahindi ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ya bei nafuu yanayouzwa karibu. Serikali huyafungua katika misimu ya upungufu.

TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaangalia kaya, hauangalii umri. Kutimiza miaka 60 peke yake hakumwingizi mtu. Bara hatuna pensheni ya wazee wote kama ile ya Zanzibar iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha taarifa zake hukusanywa na kuhakikiwa. Mzee ambaye siku ya mkutano alikuwa mgonjwa, au siku ya uhakiki alikuwa kwa binti yake mjini, ndiye anayekosa jina. Andikeni orodha ya wazee wenu wasiomo, na sababu ya kila mmoja, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, na mlete hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Baraza la wazee la kijiji, kama lipo na linakaa, libebe hoja hiyo pamoja nanyi.

Walioko ndani hupoteza fedha kwa mambo madogo. Jina la kitambulisho cha taifa (NIDA) likitofautiana na la laini ya simu, malipo ya simu hukwama. Alama za vidole za mtu aliyeshika jembe miaka 50 mara nyingi zimefutika na mashine haizisomi. Asikate tamaa kwa jaribio moja, aoshe mikono, ajaribu vidole vingine. Mzee asiyeweza kwenda kituo cha malipo aombe mapema utaratibu wa kuwakilishwa, na mwakilishi awe mtu ambaye ninyi pia mnamjua. Malipo yamekuwa yakitolewa kila baada ya miezi miwili. Wekeni tarehe hizo kwenye daftari lenu, kisha mgao wenu mkubwa uangukie mwezi usio na malipo.

Upande wa tiba, sera ya wazee ya mwaka 2003 ilikusudia mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na halmashauri huwatambua kupitia kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii na kuwapa kitambulisho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha njia ya kufika huko, kwa hiyo ulizeni zahanati utaratibu wa sasa kabla ya kumpandisha mzee bodaboda. Kitambulisho kinamfikisha kwa mganga. Dawa ikikosekana dirishani, duka la dawa halikiangalii. Wekeni akiba ndogo ya mfuko kwa ajili hiyo, maana vinginevyo mafuta na karanga mlizompa jana ndizo zitakazouzwa kununua dawa.

Zahanati mnaihitaji kwa sababu mzee anayekonda akiwa na chakula mbele yake si kesi ya chakula peke yake. Ulizeni: anakohoa zaidi ya wiki mbili? Apimwe kifua kikuu. Anakojoa sana usiku na ana kiu? Kisukari. Haoni vizuri, anashindwa kuchambua mawe kwenye choroko na kuona moto? Inaweza kuwa mtoto wa jicho, unaotibika kwa upasuaji, au trakoma, ambayo huku kwetu ina historia ndefu. Amefiwa na mwenzake miezi michache iliyopita? Anakunywa pombe mchana badala ya kula? Anatumia dawa za kisukari na hamu ya kula imepotea? Dawa hizo zinaweza kubadilishwa muda au kipimo, lakini na mganga, si na sisi. Na ulizeni maji: wazee wengi hupunguza kunywa kwa makusudi ili wasitoke nje usiku, na kiu yenyewe hupungua na umri. Vikombe sita kwa siku, vingi vyake kabla ya saa kumi jioni, vinatatua mengi, pamoja na ile choo ngumu inayowafanya wakatae kula.

Mkimkuta mzee ambaye hajala kitu cha maana kwa siku tano au zaidi, huruma isiwafanye mumpikie sahani kubwa. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi kwa ghafla huvuruga madini ya damu na moyo unaweza kushindwa. Mpeni uji kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya saa mbili, na mumwahishe kituo cha afya.

Anzeni na huyo bibi wa wajukuu watatu, kesho asubuhi kabla hajatoka. Mpimeni mkono. Muulizeni kikohozi, maji na meno. Angalieni kilichomo kwenye debe lake leo na mhesabu siku zilizobaki. Kisha mmoja wenu aende shuleni kwa wajukuu wake aulize mchango wa chakula unadaiwa kiasi gani na tangu lini. Mwingine amsindikize zahanati kama futi imesoma chini ya 21.